Makato ya Mzee Taipu

Ting! Ndiyo sauti ya kwanza ambayo binti anaikumbuka kutoka kwa baba yake: kikengele cha mashine ya taipu kikigonga mwisho wa mstari. Alikuwa mdogo, amejikunja chini ya meza katika chumba cha wapiga chapa mahakamani. Kila kilipolia, baba aliinama, akamkonyeza, kisha akasukuma mkono wa mashine, mstari mpya ukaanza.

Watu walimwita Mzee Taipu. Miaka thelathini na mmoja alichapa hukumu za wezi wa kuku, mirathi ya matajiri na talaka za waliokuwa wameapa kuzikana, na hakumwambia mtu hata nusu neno. "Mpiga chapa ana macho na vidole," alipenda kusema. "Mdomo anauacha nyumbani."

Yeye na mama wa binti, fundi cherehani, walishindwana binti akiwa na miaka minane. Hawakurushiana sahani, walichokana tu. Mahakama ikaamuru robo ya mapato ya baba ikatwe moja kwa moja kwa ajili ya mtoto, mpaka amalize masomo. Baba alipostaafu, makato yakahamia kwenye pensheni, wala hayakuruka mwezi. Ada, viatu, miwani, vyote vilitoka humo.

Lakini siku moja, akiwa na miaka kumi na miwili na hasira za umri huo, binti alimrushia neno: "Wewe baba hutoi. Unakatwa!"

Mzee alicheka, akamenya chungwa, akampa nusu iliyo kubwa. Na neno lile likamkaa binti mwenyewe kooni kama mwiba wa samaki. Je, bila amri ile, angetoa? Aliogopa kuuliza, asije akajibiwa.

Sasa binti ni muuguzi, mwezi wa nane kazini, na makato bado yanaingia.

"Baba, nina mshahara wangu. Mbona hujaenda kuyasimamisha?"

"Miguu, mama. Miguu."

"Hii hii iliyokwenda kutazama mpira juzi?"

"Ile ilikuwa miguu ya mpira."

Basi asubuhi moja binti akamshika mkono mpaka ofisi ya pensheni. Nyuma ya dirisha la kioo aliketi karani, mama mnene mwenye kicheko kilichofika kabla yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Wazee wenzako huja hapa mbio, jasho linawatiririka, wanataka makato yafutwe tangu jana. Wewe unaburutwa kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano!"

"Na anayenipeleka ndiye mchoma sindano mwenyewe," mzee akasema.

Karani akapangusa vumbi kwenye jalada, akafunua, akafika nyuma kabisa. Nyuma ya amri iliyochapwa palibanwa nakala ya rasimu ya hakimu, ya mwandiko wa mkono.

"Haya! Na hii nini tena?" Akasukuma miwani juu, akasoma kwa sauti. Hakimu alikuwa ameandika 'mshahara' peke yake. Juu ya mstari, kwa wino mwingine, yaliongezwa maneno 'na pensheni yake'. Pembeni: "Nyongeza hii imeombwa na baba wa mtoto mwenyewe, ambaye ndiye mpiga chapa wa mahakama hii."

Binti akamgeukia baba yake. Mzee alikuwa anatazama feni ya darini kana kwamba ndiyo kwanza ameiona.

"Baba."

"Mwenzangu alikuwa likizo," akajitetea. "Ikabidi nichape kesi yangu mwenyewe. Nikaona tundu. Bado miaka miwili nistaafu. Mshahara ukikoma, amri imekufa, na mama yako aanze upya kupanga foleni. Nikarudi kwa hakimu nikamwambia, mheshimiwa, hapa panavuja."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama nina homa."

Karani alicheka mpaka kiti kikalia. "Miaka ishirini niko hapa, sijaona mtu aliyefungwa kamba akaomba fundo la pili!"

Binti hakucheka, bado. Mwiba ulikuwa unatoka, na kutoka nako kuna maumivu yake. "Nilikutukana, baba. Miaka yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Yalikuwa ya mahakamani hayo. Mdomo…"

"…uliuacha nyumbani. Najua. Lakini baba, mimi si ndiyo nyumbani?"

Mzee Taipu, aliyechapa maneno ya watu wote, akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo, na hapo ndipo binti alipocheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo, na foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Weka sahihi hapa, mwanangu," karani akasema, akifuta macho, "kwamba umemaliza masomo na huyu mzee yuko huru."

"Huru wapi! Ijumaa anakuja kula kwangu, na Ijumaa zote. Hiyo nayo ni amri."

Akashika kalamu, akaandika jina lake polepole mpaka mwisho wa mstari. Alipoinua mkono, mzee akainama sikioni mwake, akasema kwa sauti ambayo hata karani hakuisikia:

"Ting."