Nyimbo Mbili Zilizopungua

Huko Paunangisu, kaskazini mwa kisiwa cha Efate, watu walimjua Kaltau kwa sauti kuliko kwa sura. Ilikuwa ile sauti nyembamba ya juu inayotangulia, wenzake wakaipokea kwa chini, na bila hiyo bendi ya nyuzi haina mwendo. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, fundi wa kuezeka makuti. Mkewe alikwenda kwao kisiwani Malakula kumuuguza mama yake, na hakurudi tena. Tangu hapo, nyumbani kwa Kaltau palijaa jioni za mazoezi tu, ukulele, yaani gitaa dogo la nyuzi nne, na magitaa na lile sanduku la mbao lenye kamba moja linalopigwa kama besi.

Walikuwa wanaume saba. Mwaka ule walikwenda mjini Port Vila kurekodi kwa Tabi, mtu wa kisiwa cha Pentekoste aliyeoa Paunangisu na kujenga studio nyuma ya nyumba yake. Walirekodi nyimbo nane, kisha mtambo ukaungua. Tabi akawaambia warudi ukitengenezwa, wamalizie mbili.

Mtambo ulipotengenezwa, watu hawakuwepo. Watano walikuwa wameitwa New Zealand kukata matawi ya mizabibu. Kaltau alipimwa presha akakataliwa. Obed, aliyeimba sauti ya pili, alikuwa na sukari, hakujisumbua hata kwenda kupimwa. Wakabaki wawili barazani, mmoja na gitaa, mwingine na ukulele. Halafu masika yakaja na mguu wa Obed ukaoza, na hospitali haikuweza kumwokoa.

Baada ya matanga kuondolewa, Kaltau alipanda basi kwenda mjini. Alitaka zile nyimbo nane zitoke hivyo hivyo zilivyo.

"Shemeji, nyimbo nane si albamu," Tabi alimwambia. "Zako zote pamoja ni dakika thelathini na moja. Watu wamezoea kumi, dakika arobaini hivi, tano upande huu wa kaseti na tano upande ule. Sasa dereva wa basi anageuza kaseti, zinapigwa tatu, kimya. Abiria wanamcheka. Kesho yake ananirudishia."

"Si azipige tena kutoka mwanzo?"

"Wewe ukipewa nusu sahani ya laplap, ukaambiwa uile mara mbili, utashiba?"

Kaltau alicheka kidogo. Tabi akamwambia njia zipo: wachukue nyimbo mbili kati ya zile nane, wazirudie bila maneno, au wawaite vijana wa mjini waimbe.

"Vijana wa mjini wanaimba kama watu wanaosubiri kulipwa," Kaltau alisema. "Ninazo nyimbo mbili mpya. Nitaziimba mwenyewe."

"Na sauti nyingine?"

"Zote."

Tabi alimtazama, akaona hatanii, akamvalisha spika za masikioni.

Alianza na lile sanduku, kisha gitaa, kisha ukulele, kimoja juu ya kingine. Halafu sauti. Aliwajua wenzake kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Alijua nani huvuta pumzi katikati ya neno, nani huchelewa kuingia, nani hupanda juu akisisimka. Kila alipomaliza sauti moja aliisikia masikioni, naye akaitikia kwa nyingine, na nyimbo zikajaa watu.

Ya Obed aliiweka mwisho. Obed aliimbia puani, na wenzake walipofunga mstari, yeye aliliburuta neno la mwisho nyuma yao, kama mgeni anayeaga huku hainuki kitini. Kaltau aliimba hivyo. Tabi alipompigia asikilize, neno lilipoburutwa, mkono wa Kaltau ulikwenda wenyewe kando, mahali Obed alipozoea kukaa, kumgusa kiwiko. Akavua spika.

"Imekaa vizuri," Tabi alisema.

"Imekaa," Kaltau alijibu, akaomba maji.

Kaseti ilitoka na nyimbo kumi, dakika thelathini na tisa. Madereva waliipenda. Kaltau akipita njiani watu walimwuliza, "Kumbe wenzako wamerudi? Mbona hatuwaoni?" Mwanzoni alieleza. Baadaye akawa anasema tu, "Salamu zitafika," na kuendelea na safari yake.

Alasiri moja alikuwa barazani anashona makuti alipomwona Leipakoa, mjane wa Obed, anapanda njia amekumbatia redio. Aliketi bila kukaribishwa, akabonyeza. Ulikuwa wimbo wa tisa.

"Huyo ni Obed," alisema.

Kaltau alishusha sindano.

"Zile nane nazijua, shemeji. Alizifanyia mazoezi jikoni kwangu mpaka wali ukaungua. Huu hakuuimba pale hata siku moja. Aliuimba lini? Aliuimbia wapi, mimi nisijue?" Macho yake yalikuwa na furaha ambayo Kaltau hakuiona tangu mazishi. "Kama kuna kaseti nyingine mliyoificha, niambie. Sitakasirika."

Kaltau alitamani kusema ndiyo. Alifikiri ingekuwa rahisi: waliurekodi hapa barazani, siku moja, wakasahau. Lakini angetakiwa kuonyesha kaseti nyingine, na nyingine haikuwepo.

"Ni mimi, shemeji," alisema. "Wimbo niliutunga baada ya kumzika. Sauti zote ni mimi."

Leipakoa aliurudisha wimbo nyuma, akausikiliza tena, kichwa kimeinama. Neno la mwisho lilipoburutwa, alizima.

"Ungeniambia kwanza."

"Kweli, ilinipasa."

"Nimewaita watoto wakasikiliza. Nimewaambia, sikieni baba yenu." Alisimama, akaichukua redio. "Sasa nikawaambie nini?"

Kaltau alimsindikiza kwa macho mpaka alipopinda kwenye migomba. Kazi ya makuti hakuigusa tena siku ile.

Wiki zikapita bila kuonana, hata kanisani Leipakoa alikaa upande mwingine. Wale watano wakapiga simu kusema wameongezewa msimu, hawarudi mwaka huo. Walikuwa wamesikilizishwa kaseti kwenye simu. Wakamtania kwamba amewaibia sauti wakiwa shambani, wakacheka wote kwa pamoja huko waliko, halafu simu ikakatika.

Jumapili moja baada ya ibada Leipakoa alimletea sahani ya laplap ya ndizi iliyofunikwa jani. Alisimama chini ya baraza, hakupanda.

"Watoto wanaipenda ile kaseti," alisema. "Tunaipiga kila siku."

"Asante, shemeji."

"Naigeuza, napiga ule wa sita, wa saba, wa nane. Kisha nazima."

Kaltau alitikisa kichwa kukubali. Alimwambia kwamba hata zile nane zingetosha.

"Basi kula kabla haijapoa," Leipakoa alisema, akashika njia ya kwake.