Salamu za Bibi Kwenye Meza ya Amplifaya

Wiki iliyopita nilizunguka maduka ya umeme ya Mbarara nikitafuta taa. Usinicheke, rafiki yangu. Sikutaka hizi taa nyeupe za siku hizi zilizojaa kila rafu. Nilitaka ile ya zamani, ya mviringo, yenye uzi mwembamba ndani, inayopata moto hadi ukiigusa unaruka. Muuzaji wa kwanza aliniambia hizo zilishakufa zamani. Wa pili akaniuliza kama nafuga vifaranga, maana wafugaji ndio bado wanazitafuta za kuwapashia joto. Nikamjibu kwamba nafuga amplifaya. Akanitazama, akaingia nyuma ya duka, akarudi na taa moja iliyojaa vumbi, akaipangusa kwa shati lake mwenyewe.

Nimehamia chumba cha kupanga kule Ruharo, na nilikuwa natengeneza meza yangu ya kazi. Wateja wangu wengi wanatoka kambi ya jeshi ya Makenke. Siku hiyo mke wa askari mmoja aliniletea amplifaya ya mumewe, ameibeba kwenye beseni kama nguo za kufua. "Nyabo, wewe ndo fundi?" akaniuliza mlangoni. "Mimi nilifikiri fundi iko mwanaume. Hii kitu inalia tu, haiimbi. Bwana yangu anaitaka ya sherehe ya mtoto." Nikamwambia aiache, aje kesho mchana. Nikaifungua, nikafunga ile taa kwenye soketi yake, nikawasha. Taa ikamulika rangi ya chungwa, na mimi nikawa mtoto tena, niko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nina miguu michafu, nanusa sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, inachemka.

Taa hiyo ina kazi yake. Huwezi kuipa amplifaya mgonjwa umeme wote kwa mara moja. Unaupitisha kwanza ndani ya taa. Kama amplifaya ni nzima, taa inang'aa kidogo halafu inafifia. Kama kuna kasoro, taa inawaka kwa nguvu zote na unazima haraka kabla kitu hakijaungua. "Ikiwaka sana," baba alikuwa akisema, "ujue iko maneno mu ndani."

Baba alikuwa fundi wa redio tangu Kivu ya Kusini, kule Kongo, na tulipofika Nakivale alipata nafasi kwenye baraza la duka moja pale sokoni. Mama alilima. Nyumbani alibaki bibi, mama yake baba, na huyo ndiye ninayetaka kukusimulia habari zake.

Bibi alikuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ya akina mama ya kanisa letu. Akianza ubeti, hata wanaume waliokuwa wakisinzia nyuma waliamka. Kisha masikio yake yakaanza kuziba polepole. Kwanza aliacha kwaya. Halafu akaacha kanisa lenyewe. Mwishowe akaacha kusalimia watu, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Kwa watu wetu, kumpita jirani asubuhi bila kumuuliza kama ameamka ni tusi. Lakini bibi alikuwa hasikii majibu, na aliona haya kusimama mbele ya mtu akiutazama mdomo wake, kwa hiyo akachagua kunyamaza. Majirani hawakujua. Wakasema mama mzee siku hizi anaringa. Jirani yetu wa kisimani, aliyekimbia vita pamoja naye na kulala naye porini chini ya kitenge kimoja, naye akaacha kutuletea majani ya muhogo. Bibi alikaa ndani siku nzima akitazama ukuta. Niliogopa, kwa sababu alikuwa anapotea mbele ya macho yetu na hakuna aliyejua pa kumshika.

Baba ndiye aliyeamua kuhamisha kazi. "Mama anaishiwa na batu," alimwambia mama yangu, maana kwetu watu ni batu. "Nitaleta meza hapa. Batu bamufuate ku nyumba."

Akachukua mlango wa zamani wa jiko, akaulaza juu ya magogo, ikawa meza. Juu yake akatandika mpira wa gurudumu la baiskeli uliopasuliwa, ili chuma kisigusane na chuma. Umeme ulitoka kwenye betri ya sola ukipitia inveta iliyokuwa ikinguruma kama paka mwenye mafua. Taa ya kupimia ilining'inia kushoto. Chini kulikuwa na ndoo ya maji, na ndani ya ndoo waya wa jiko la umeme lililokufa, umezungushwa kwenye kipande cha tofali. Amplifaya iliyokuwa inajaribiwa ilimwaga nguvu zake humo kwanza, isije ikaunguza spika. Maji yalipata uvuguvugu. Bibi hakuona sababu ya kuyamwaga. Jioni alioshea miguu. Mama alilalamika kwamba moshi wa lehemu unaingia kwenye ndagala zake, wale dagaa wakavu, na kweli uliingia. Mpaka leo nikilehemu nasikia njaa.

Watu walikuja, wakasimama, wakapiga soga. Bibi alikaa upande mmoja wa meza akichambua maharagwe yake, amewapa mgongo.

Ndipo wazee wa kanisa wakaleta amplifaya yao. Ilikuwa mpya, waumini walikuwa wameingoja kwa maombi mengi, na sasa ilikuwa inakwaruza kila ukigusa kitufe cha sauti. Baba akafungua kifuniko, akanusa, akawatazama.

"Muliifanya nini?"

"Tuliibariki, papa," akasema mzee mmoja. "Tuliipakala mafuta ya maombi."

"Fasi gani?"

"Ku juu. Kwenye matundu."

Waliimwagia kwa moyo mweupe, hawakubana mkono. Mafuta yakashuka ndani, vumbi jekundu la Nakivale likayafuata, na vyote vikagandamana kwenye vitufe. Baba alijikaza asicheke. "Baraka iliingia mupaka mu ndani kabisa," akasema, na wazee wenyewe wakaanza kucheka kabla yake.

Alisafisha kwa spiriti na mswaki wangu, ambao sikurudishiwa. Alipomaliza akapitisha umeme kwenye taa: ikang'aa, ikafifia. Akajaribu kwenye ndoo: sawa. Sasa akaunga spika kuukuu, akaiweka juu ya meza, akampa mzee maikrofoni. Mzee akafanya kama wanavyofanya wote duniani: moja, mbili, moja, mbili.

Maharagwe ya bibi yakaruka kwenye sinia.

Bibi akayatazama. Mzee akasema tena, yakaruka tena. Bibi akaweka kiganja juu ya meza, kisha akakisogeza taratibu mpaka kwenye spika. "Nani anasema?" akauliza. Ilikuwa muda mrefu hajauliza kitu. Baba akachukua maikrofoni mkononi mwa mzee bila hata kumwomba, akampa mama yake.

Bibi hakuhesabu moja wala mbili. Alifumba macho, kiganja kikiwa bado kwenye spika, akasema, "Mama wa ku kisima, muliamuka?"

Sauti ikatoka nje, ikavuka ua, ikavuka shamba la mahindi. Nilikimbia mlangoni. Jirani wa kisimani alikuwa amesimama katikati ya muhogo wake, jembe mkononi, akiangalia nyumba yetu. Kisha akapiga kelele kwa nguvu zote: "Tuliamuka, mama! Tuko!"

Bibi hakusikia. Aliniangalia mimi. Sikujua nifanye nini, nikainua mkono juu. Akaelewa. Alilia, rafiki yangu, na mimi nililia, na jioni hiyo majani ya muhogo yakaletwa nyumbani.

Jumapili alirudi kanisani. Walimweka kiti karibu na spika, kiganja juu yake. Jirani wa kisimani, ambaye sasa ndiye aliyeongoza kwaya, akamwashiria aanzishe. Bibi akaanza, na sauti ikatoka juu mno, tena ikayumba. Nilijikunja kwa aibu kwa ajili yake. Lakini jirani hakumsahihisha. Aliacha sauti yake mwenyewe, akaitafuta ya bibi, akaipata, na kwaya nzima ikapanda kumfuata huko juu alikokuwa. Baba aliinama akajifanya anarekebisha waya.

Kuanzia hapo hakuna amplifaya iliyotoka kwetu kabla bibi hajasalimia. Wateja walisubiri. Yeye aliita majirani nyumba kwa nyumba, nami nilisimama mlangoni na kuinua mkono kila walipoitikia. Wakiitikia wengi pamoja, niliinua yote miwili.

Baadaye jirani wa kisimani na familia yake walipata safari, wakapanda ndege kwenda kuishi nchi ya mbali. Nyumbani mwake wakaingia watu wapya, waliotoka Kabazana ambako wageni hupokelewa. Asubuhi bibi akaita kama kawaida, "Batu ba ku kisima, muliamuka?" Kimya. Akaita tena. Mkono wangu ukabaki chini. Bibi akanitazama, akaweka maikrofoni, akafunga kitenge vizuri, akanishika mkono tukaenda. Tulimkuta mama kijana amejificha ndani na watoto wake. "Tulizani ni bakubwa banatuita ku ofisi," alisema. Nilimweleza bibi maneno hayo kwa ishara na kwa mdomo, na alipoelewa alicheka mpaka akashika ukuta. Tulikula huko mchana.

Bibi amelala Nakivale sasa. Meza ililiwa na mchwa, na baba siku hizi macho yake hayaoni tena waya nyembamba. Waliokuwa wakiitikia wametawanyika: wengine wako kwenye nchi za theluji, wengine walirudi Kongo, wengine wako mijini kama mimi. Hata ile taa, kama nilivyokuambia, unaipata kwa bahati. Ninayakosa yote. Zaidi ninakosa uzito wa mkono wangu ukiwa juu, na uso wa bibi akiuona.

Amplifaya ya mke wa askari niliisafisha, nikaunganisha upya waya uliokatika. Taa ikang'aa, ikafifia. Nikaweka spika dirishani, nikashika maikrofoni, na maneno yakatoka yenyewe: "Batu ba Ruharo, muliamuka?"

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilijikuta nimegeuka kuangalia mlangoni, nikingoja mkono. Hakukuwa na mtu. Nilichosikia ni mlango wa chumba cha jirani ukifungwa polepole. Ndipo nikatambua kwamba tangu nihamie hapa simjui anayekaa nyuma ya mlango huo, wala yeye hanijui.

Nikazima amplifaya. Nikanawa mikono, nikafunga kitenge vizuri, nikatoka kwenda kubisha hodi.