Mwamuzi Tuliyemtoa Melini

Nina miaka sabini na mbili, na Septemba iliyopita nilimkanyaga mgeni mguu chini ya meza yangu mwenyewe.

Kwa makusudi. Mara tatu.

Nichekeni tu, lakini someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Naitwa Sunnuva, mjane, wa hapa hapa Tórshavn, visiwa vya Faroe. Mama mkwe wangu alifariki mwezi wa nne akiwa na miaka tisini na saba, akaacha kibanda cha kukaushia nyama pale chini karibu na bandari. Mbao zake zimepigiliwa kwa kuachana kidole kimoja, upepo wa bahari uingie huku utokee kule.

Oktoba tunachinja kondoo, tunamtundika humo mbichi, bila chumvi hata chembe. Upepo ndio mpishi. Mwaka ukikaribia kwisha unamkata vipande vyembamba kama karatasi, unamla bila kumwonyesha moto. Ndiyo skerpikjøt yetu.

Harufu yake aliyezaliwa nayo huiita harufu ya nyumbani. Asiyezaliwa nayo huuliza nani kafa.

Sasa, kibanda kile kina upande wa kaskazini, wenye ndoano kumi tu, na ndiko unakopita upepo mkavu. Upande wa kusini nyama huota ukungu kama kofia ya manyoya. Mama mkwe alipokuwa hai alipanga yeye nani atundike wapi, na hakuna aliyefungua mdomo.

Wasia wake ulikuwa mstari mmoja: kibanda ni cha wanangu wote.

Basi. Akajifia zake, akatuachia vita.

Maana waliobaki ni wawili: mimi, kwa haki ya marehemu mume wangu, na wifi yangu Marjun, dada wa mume.

"Kaskazini ni kwangu," alisema Marjun. "Mimi nimezaliwa humu. Wewe umeolewa tu."

"Nimeolewa miaka hamsini, wifi. Hata paka akikaa miaka hamsini anakuwa mwenye nyumba."

"Nyama yako inanuka soksi."

"Afadhali yangu inanuka. Yako mtu anatafuna anadhani amesahau kuweka kitu mdomoni."

Tukakubaliana hivi: kila mtu alete paja lake la mwaka jana, mtu aonje bila kuambiwa la nani ni lipi. Atakayeshinda achukue kaskazini milele.

Lakini aonje nani?

Hapo ndipo tulipokwama, wenzangu. Mji huu kila mtu ni ndugu wa mtu. Mchungaji ni binamu yake Marjun. Mama wa duka la uzi ni mke wa kaka yangu. Tulimfikiria polisi mmoja, kumbe bibi yake alinyonya ziwa moja na shangazi yangu. Wiki nzima tulihesabu watu, hatukupata hata mmoja asiye na upande.

"Basi tumtoe melini," nikasema.

Jumamosi meli ya kutoka Denmark ikatia nanga. Tukasimama pale wazee wawili na makoti yetu ya sufu, tunachagua watu kama tunachagua samaki. Huyu ana tumbo baya. Huyu anatabasamu sana, atasema zote tamu.

Akashuka msichana wa miaka ishirini na kitu, nywele nyeusi, begi mgongoni, anaangalia vibanda badala ya kupiga picha. Nikamwendea na Kiingereza changu cha kuokoteza.

"Binti, unatoka wapi?"

"Piraeus, Ugiriki. Naitwa Danai."

"Una ndugu hapa?"

Akafikiri. "Bado sijui," akasema.

Nikajua Kiingereza chake ni kibovu kuliko changu. Nikamwambia tunakaribisha wageni waonje chakula cha nyumbani, bure. Macho yakamwaka. Akaja.

Tunapanda kilima, Marjun ametangulia, nikamshika mkono yule binti nikamnong'oneza. "Mezani kuna sahani mbili. Nikikukanyaga mguu, hiyo ndiyo nzuri. Umeelewa?"

Akaitikia kwa kichwa, taratibu kabisa.

Msiniangalie hivyo. Kaskazini ni kaskazini.

Nyumbani akavua viatu mlangoni kama mtu mwenye adabu zake. Marjun akajitolea kumwonyesha mahali pa kunawa, wakakawia kidogo. Sikutilia shaka. Nilikuwa nakata mkate.

Tukaketi, yeye katikati. Nikaweka siagi, mkate, sahani mbili. Wageni wengi hapo huziba pua au huomba maji. Huyu aliinama, akanusa, akafumba macho.

Akala kipande cha sahani ya kwanza. Ya Marjun. Akatafuna polepole sana.

Sahani ya pili, yangu. Nikamkanyaga. Uso haukubadilika, nikamkanyaga tena, safari hii kwa kisigino.

Marjun akaanza kunichokoza kwa Kifaroe, mgeni asielewe.

"Mwone anavyomeza kwa shida. Maskini, umemlisha soksi."

"Wewe nyamaza," nikamjibu kwa Kifaroe vilevile. "Ukoo wenu sifa yenu ni wizi wa nyama. Nani asiyejua dada yenu Elspa alitoroka na baharia wa Kigiriki, na paja la Krismasi chini ya koti?"

"Mwache Elspa. Yule alikuwa mlafi tangu tumboni."

"Mlafi na mwizi. Mama mkwe alikula viazi vitupu Krismasi ile."

Nikamkanyaga binti mara ya tatu, kumkumbusha.

Akaweka kisu chini. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema, kwa Kifaroe, tena kile cha zamani cha mabibi zetu, chenye maneno ambayo hata redioni hawayatumii tena:

"Mabibi zangu, niachieni miguu kwanza, ndipo niamue. Huyu ananikanyaga kulia, huyu kushoto."

Jamani.

Nikamgeukia Marjun. Marjun akageukia dirisha.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Na mimi nini? Kwani wewe umefanyaje?"

Danai akaendelea, sauti ndogo. "Elspa ni bibi yangu. Amefariki miaka miwili iliyopita. Kila msimu wa baridi alitundika paja la kondoo kwenye roshani yetu Piraeus, mpaka majirani wakaita polisi, wakidhani tumeficha maiti. Nilikuja kutafuta watu wake. Nilitaka kusema mapema, ila mlikuwa mnagombana vizuri sana."

Nikatamani sakafu inimeze. Mimi, ambaye nimemwita marehemu mwizi mbele ya mjukuu wake, huku nimemkanyaga.

"Na hakuiba," akasema. "Alisema paja alipewa dirishani na mdogo wake. Marjun."

Nimemjua wifi yangu nusu karne. Sijawahi kumwona uso mwekundu namna ile. Akashika ukingo wa meza.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," akasema. "Alikuwa analia. Ningempa nini kingine?"

"Na miaka yote hii umekaa kimya tunamwita mwizi?"

"Mama alikuwa na mkono mzito, Sunnuva. Ulimjua." Akajifuta pua kwa kitambaa cha meza, cha kwangu cha kufuma, nikamwachia. "Halafu alipozeeka nikaona nimechelewa."

Danai akainuka akamkumbatia. Mimi nikakata mkate ambao hakuna aliyeuhitaji.

Marjun alipopata pumzi, unajua aliuliza nini?

"Na nyama je? Ipi nzuri?"

Danai akacheka mpaka akashika ubavu. "Sijui kama kilichoonja ni ulimi au vidole vya miguu. Lakini huo wasia wa bibi mkubwa, mliougombania kwa Kifaroe njia nzima, unasemaje?"

Tukatazamana. Nikausema kwa shingo upande: "Kibanda ni cha wanangu wote."

"Elspa hakuwa mwanawe?"

Oktoba hiyo tulimtundikia kondoo wake, mimi nimeshika ngazi, Marjun yuko juu ananitukana. Kaskazini, ndoano zote kumi, fidia ya miaka yote tuliyomwita bibi yake mwizi. Sisi wawili tuko kusini na ukungu wetu, na nyama zetu sasa zinafanana kwa ubaya. Yeye amerudi kiangazi hiki, anakula polepole, na anatukatia kipande kimoja kimoja kama wageni.

Nawaachia hili, wajukuu. Ukitaka kumsengenya mtu mbele ya mgeni, hakikisha kwanza huyo mgeni ni mgeni kweli.