Mikono Miwili ya Shangazi

Mchuuzi mmoja hapa stendi ya Korogwe amekwangua ndimu chini ya pua yangu ili ninunue, na harufu yake imenirudisha kwenye ndege niliyopanda utotoni.

Shangazi alikuwa amekuja na binti yake kijijini kwetu Kwaluguru kunichukua nikaishi kwake Mwanza. "Wifi, toa wasiwasi," alimwambia mama. "Kwangu hakuna mtoto wa kuzaa wala wa kulea, wote ni wangu." Mama akanipa ndimu ya kunusa nikisikia kichefuchefu, tukaenda Dar kupanda ndege.

Shangazi alikaa katikati, binti yake dirishani, mimi upande wa njia. Juu ya mawingu ndege ikatikisika, kisha ikashuka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Vikombe vikaruka, watu wakapiga yowe. "Mwanangu!" shangazi akalia. Nikanyoosha mkono. Mikono yake yote miwili ilikuwa imemkumbatia binti yake. Niliihesabu, nikarudia, haikuzidi. Nikang'ang'ania kiti na kunusa ndimu yangu mpaka ndege ilipotulia.

Uwanjani Mwanza mumewe alitupokea, akiwa amesikia abiria wakisimulia ndege ilivyoshuka. Nikamwamkia. "Marahaba, poleni. Mliogopa?"

"Tulishikana wote watatu kama kupe," shangazi akacheka. "Si umuulize huyu mwanao mpya!"

Wote wawili wakaniangalia, wakingoja.

"Ndiyo, baba, tulishikana," nikasema. Nilikuwa na miaka tisa, na kutoka pale mpaka Kwaluguru kwa miguu ni mbali.