Fundi wa Meno na Pikapu ya Mkewe

Alikuwa muuza miche, na watu walimwita Mama Miche, hata wale waliolijua jina lake vizuri. Pikapu yake ilikuwa ya buluu iliyopauka. Mlango wa abiria haukufungwa mpaka upigwe na nyonga, na gia ya pili ilitaka kubembelezwa kama mtoto anayekataa dawa. Lakini iliendesha maisha. Kila asubuhi aliipakia miche ya matunda, ya maua na ya miti ya kivuli, akaipeleka kwenye shule, ofisi na nyumba za watu.

Mumewe alikuwa fundi wa meno ya bandia. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye chumba cha nyuma cha zahanati akichonga meno ya watu wasiojua hata sura yake. Kisha zahanati ikaanza kuagiza meno kutoka kiwandani, chumba kikageuzwa stoo, naye akarudi nyumbani na kopo la vifaa vyake. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kiti. Asubuhi kitini, mchana kitini, redio ikiongea peke yake. Mkewe akimsimulia mambo ya siku, yeye anajibu, "Basi sawa." Alikuwepo, lakini hayupo.

Sasa siku hiyo Mama Miche alikuwa na wateja wawili. Wa kwanza ilikuwa shule, na geti lake lilikuwa jembamba, hivyo akaegesha nje, akaingiza miche kwa toroli. Mwalimu mkuu akataka kuonyeshwa mche wa limau unavyotofautishwa na wa chungwa. Robo saa tu. Aliporudi na kuzungusha ufunguo, kimya. Akashuka, akainua boneti. Betri haipo, nyaya zimekatwa, zinaning'inia. Alipogeuka akaona kioo cha pembeni cha kushoto nacho kimeng'olewa, limebaki shimo.

Mpaka dereva mmoja msamaria alipokuja kumvuta, jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Nusu ya miche ya mteja wa pili ilikuwa imelala kwenye vifuko, haitamaniki.

Kesho yake akaenda mtaa wa spea. Betri mpya akapata duka la kwanza. Kuhusu kioo, wakamwelekeza kwa muuzaji mmoja waliyemwita Kipara, jamaa mcheshi, duka lake limejaa vitu vilivyoning'inizwa mpaka unaingia kwa kuinama.

"Mama, karibu! Umekuja siku nzuri," Kipara akasema. "Cha pikapu kama yako kimeingia jana tu."

Akamkabidhi. Mama Miche akakigeuza, kisha akakisogeza mwangani. Kwenye kona ya chini kulikuwa na doa la rangi nyeupe, umbo la punje ya haragwe. Ilidondoka siku alipopaka rangi geti la bustani yake.

"Kaka, hiki kioo ni changu."

"Ukishalipa, mama, ni chako kabisa."

Watu waliokuwa wamesimama hapo wakaangua kicheko.

"Sitanii. Hili doa ni rangi ya geti langu."

"Rangi nyeupe inauzwa kila duka," Kipara akasema, sasa bila utani. "Kina jina lako? Kina namba ya gari? Mimi nimeletewa, nikanunua. Ushahidi uko wapi?"

Mama Miche akalitazama tena lile doa. Angeweza kupiga kelele, lakini bila kioo asingeweza kurudi barabarani, na mteja wa pili alikuwa bado anasubiri miche mingine. Akakinunua kioo chake mwenyewe. Akatoka pale macho yakimuwasha, hakutaka wamwone akilia.

Nyumbani akamwaga yote mbele ya mumewe, hata hakuvua viatu. Alitegemea lile jibu la siku zote. Badala yake mzee akanyoosha mkono, akazima redio.

"Alikuuliza kama kina namba?"

"Ndivyo alivyouliza. Namba iko wapi."

"Kule zahanati," akasema taratibu, "kila seti ya meno ilikuwa na namba ya mgonjwa, nimeichonga kwa ndani. Unajua kwa nini? Kabla ya hapo wazee wawili walibadilishiwa meno. Kila mmoja akaenda kwao na tabasamu la mwenzake."

Mama Miche hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimjia chenyewe, akacheka mpaka akashika mlango. Alipofuta machozi, kiti kilikuwa kitupu. Mzee yuko chumbani, amepiga magoti, anavuta kopo lake kutoka uvunguni.

Wakapitisha waya wa umeme dirishani. Mzee akatandika taulo juu ya boneti, akavaa miwani, akashika ile mashine yake ndogo, unene wa kalamu, yenye ncha ya kuchongea.

"Haya, fungua mdomo," akaiambia pikapu.

Akachonga namba ya gari kwenye vioo vyote, kwenye taa za mbele na za nyuma, juu ya betri na ubavuni mwake. Kwenye mlango wa nyuma wa bodi alichonga mara mbili, mara moja pa kuonekana, mara nyingine ndani ya ukingo, mahali ambapo mtu lazima alale chini ndipo aone. Tarakimu zilikuwa ndogo, zimenyooka, kama zimechapwa.

"Lakini hii haimzuii mtu kung'oa," mkewe akasema.

"Inamzuia kuuza."

Mama Miche hakutaka kubahatisha. Akaenda kwa Shangazi Cheche, fundi wa kuchomelea, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye karakana yake ilikuwa jirani na kituo cha pikapu za kukodi. Shangazi akamtengenezea kizimba cha chuma cha betri chenye kufuli, akavibana vioo kwa ribiti zisizofunguka kwa bisibisi, akafunga tairi la akiba kwa mnyororo.

"Na ukiegesha, rudisha nyuma mpaka uguse ukuta," akamwelekeza. "Mlango wa nyuma usiofunguka hauibiki." Kisha akainama kwenye taa. "Nani kachonga hivi?"

"Mume wangu."

"Shemeji? Na mikono hii anakaa nayo nyumbani? Mlete hapa. Umeme ninao, kivuli ninacho."

Mzee alipoambiwa akakataa katakata. "Mimi nikachonge magari barabarani? Mimi ni fundi wa meno."

"Na hayo meno yako wapi, baba?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima, akajuta papo hapo. Mzee akawasha redio tena. Lakini asubuhi Mama Miche alipotoka kwenda kupakia miche, alimkuta tayari ameshakaa kiti cha abiria, kopo mapajani, anaangalia mbele kama mtu aliyechelewa.

Wiki ya kwanza kwenye karakana walikuja madereva wawili watatu. Ya pili pikapu zilipanga foleni. Madereva wakamwita Daktari, na kila aliyekuja aliambiwa afungue mdomo kwanza. Wakakubaliana pia wao kwa wao wasiache gari hata moja kituoni bila mwenzao wa kulitupia jicho.

Siku moja Mama Miche alikuwa anashusha miche karibu na hapo, akaona pikapu isiyo na taa hata moja ya nyuma. Kipara akashuka.

"Wamezing'oa mbele ya duka langu," akasema, hatazami mtu. "Mchana kweupe."

Watu wakauma midomo wasicheke. Mzee akaweka mashine chini. "Mke wangu ndiye atakayesema."

Mama Miche alitamani kumfukuza. Alikuwa na maneno tayari, makali, yaliyomkaa kooni siku nyingi. Akamtazama yule mtu aliyeshika taa mpya mbili kifuani, akayameza.

"Atachongewa," akasema. "Ila kaka, kuanzia leo kifaa kikija kwako kina namba, usinunue. Utupigie simu."

"Na wenzangu wa mtaani wakinunua?"

"Waambie nao magari yao yana taa."

Kipara akakuna kichwa. "Sawa, mama. Halafu kile kioo..."

"Kiko kazini. Egesha gari vizuri."

Simu ya Kipara ilikuja baada ya wiki tatu. Mlango wa nyuma wa pikapu ya fundi bomba mmoja ulikuwa umeletwa dukani. Namba ya juu ilikuwa imekwanguliwa yote, lakini Kipara alilala chini, akaipata ile ya ukingoni, akaisoma kwa sauti. Aliyeuleta aliingia mitini bila hata kuaga. Fundi bomba alikuja kuuchukua akiwa haamini, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akausahau humo.

Wizi haukwisha. Mwezi uliofuata kuna mtu alipoteza tairi. Lakini mtaa wa spea ukaanza kuuliza maswali, na vitu vya wizi vikawa vigumu kuuzika.

Mama Miche naye akapata oda ya hospitali mpya, miche mia nne. Akaegesha, akarudi nyuma mpaka ukutani, akafunga kufuli. Tangu aibiwe alikuwa anashusha haraka na kukimbilia gari. Safari hii alivua viatu, akaomba jembe, akakaa na watunza bustani hadi mchana, akiwaonyesha mche mmoja mmoja unavyoshindiliwa udongo.