Nilimchanganyia Mama Majani, Akalaumiwa Muuza Tumbaku

Wasomaji, nianze na kosa lenyewe nisije nikazunguka: nilimdanganya mama yangu mzazi, na lawama ikamwangukia mwanamke asiye na hatia. Sasa ni mzee. Hapa Bariadi watu wananiamkia kwa heshima, na kila wakiniamkia najisikia mwizi.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba. Ushirika wetu ukalegea, sisi makarani tukapunguzwa kazi. Nikarudi Kasoli kwa mama na cheti changu cha kidato cha nne na kiburi kingi.

Mama alivuta kiko, kama wanawake wengi wa rika lake. Tumbaku alinunua kwa mtu mmoja tu, Kabula, rafiki yake tangu usichana, ambaye na mimi nilimwita mayu kama mama yangu mwenyewe. Siku za mnada mama alikaa kwenye gunia nyuma ya meza ya Kabula, wakapokezana kiko na kuwacheka wapita njia. Waliitana mke mwenza, ingawa kila mmoja alikuwa na mume wake.

Kisha kifua kikamwanza mama. Mganga wa zahanati akamwambia aache moshi. Mama akamjibu kwamba yeye alikuwa anavuta kabla mganga huyo hajazaliwa, na kwamba akiacha kiko, mnadani atakuwa anafuata nini?

Hapo nikajiona mjanja. Si nilisoma baiolojia! Nikaamua kumtengenezea tumbaku isiyo na tumbaku. Nilichuma majani ya mpera, mpapai na mchaichai, nikayaanika kivulini kwenye ungo ili yasipukutike. Nikayanyunyizia maji ya asali, nikayafunga kwenye kitambaa yavundike, kisha nikayaloweka kwenye majani ya chai yaliyochemshwa ili yapate weusi. Yakikauka tena nayakata vipande vidogo. Kwa macho, hasa macho ya mama yaliyokuwa yamefifia, ilikuwa tumbaku kabisa.

Miguu ya mama ilikuwa imechoka, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa kwa Kabula. Alinipa msokoto mzima na salamu za matusi ya utani nimpelekee mke mwenza wake. Nikifika nyumbani nilimwambia mama nitamkatia, kwa kuwa mikono yake inatetemeka. Kwanza nilichanganya kiganja kimoja cha majani yangu. Baadaye nusu kwa nusu. Mwisho yakawa majani matupu, na vumbi la tumbaku juu ili kudanganya pua.

Na ile tumbaku halisi ilikwenda wapi? Hapa ndipo penye aibu. Mwanzoni niliitupa chooni. Lakini mimi nilikuwa mvuta sigara asiye na kazi. Majani yangu nilikuwa nimeshayajaribu: yanaunguza koo, na hamu inabaki palepale. Nikaanza kusokota tumbaku ya mama kwenye karatasi na kuivuta mwenyewe nyuma ya zizi. Nilijiambia namwokoa mama, kumbe namwibia!

Kikohozi hakikupungua hata kidogo. Mama akaanza kununa. Siku moja akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, Kabula kaifanya nini tumbaku yake? Hii inanuka chai."

Nikasema labda ni mvua za mwaka huu.

Lakini ulikuwa wakati wa kila mtu kumshuku mwenzake. Wanunuzi walichezea mizani. Wakulima nao wakatia maji na mchanga kwenye pamba. Ndiyo hiyo mnayoiita kuchakachua siku hizi. Mama alipowaza kwamba Kabula naye amejifunza biashara mpya, hakuwa amewaza jambo la ajabu.

Akaniamuru nimpeleke mnadani. Nilimpakia nyuma ya baiskeli, nikisali kimoyomoyo Kabula asiwepo. Alikuwepo. Mama akamwaga kopo lake lote la tumbaku mezani kwake.

"Kabula, mimi ni mbuzi?"

Kabula akadhani ni utani wao. "Wewe ungekuwa mbuzi ningekuuza zamani."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. "Basi mbona unanilisha majani?"

Kabula akachukua kidogo, akanusa, akasema hiki kitu hakijatoka kwake. Watu wakajaa. Mwenyekiti wa mnada akanigeukia mimi, msomi, niliyekuwa nikitumwa. Akaniuliza mzigo huu niliutoa wapi.

"Kwa mayu Kabula," nikasema. "Niliufikisha kama nilivyopewa."

Sentensi mbili tu, jamani. Kabula alinitazama, akaanza kukunja magunia yake.

Minada iliyofuata wateja walipita mezani kwake wakimuuliza kama leo anauza mpera au mpapai. Haikuchukua muda akahamia Mwamanyili kwa binti yake. Na mama? Kiko aliacha siku ileile! Mganga wa zahanati alinisifu, nami nikakubali sifa. Lakini mama aliacha na mnada, akaacha na kucheka. Kifua hakikupona. Akiwa kitandani alimtukana Kabula kila siku, na kila mtu alipobisha hodi aliinua kichwa kuangalia kama ni Kabula. Mimi nilikuwa nimekaa pale pembeni. Sikusema. Tukamzika akiamini rafiki yake alimdhulumu.

Baada ya matanga nilikwenda Mwamanyili. Kabula alikuwa anapepeta mpunga. Nilimweleza yote, hata habari ya nyuma ya zizi. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza, kisha akauliza kama mama alikufa anajua. Nikasema hapana.

"Sasa unaniambia mimi ya nini?" akasema. "Mimi siku zote nilijua sikuchanganya kitu. Kawaambie waliokusikia."

Nilirudi Kasoli, nikaenda mnadani ili niseme. Nikanunua chumvi, nikarudi. Nikaenda tena, nikanunua sabuni. Mpaka leo. Kabula ameshafariki, na wengi walionisikia wamemfuata.

Vijana wanaokausha majani na kuyaita sigara za asili huja kuniuliza utaalamu. Nawaambia moshi ni moshi, acheni! Lakini ninalowaonya zaidi ni hili: mzazi wako usimtibu kwa siri. Gombana naye usoni, akatae, akufukuze, lakini ajue anachovuta. Na ukiulizwa mbele za watu, jibu palepale, maana watu wale hawatakusanyika tena.

Jina langu nimelificha, uoga haujaniisha. La Kabula nimeliandika, kwa sababu ndilo nililolichafua. Wa Kasoli mliokuwepo siku ile na bado mnapumua: yule mama hakuchanganya kitu. Nilichanganya mimi.