Mwanamke wa Chupa Tatu

Vidosava alimkaribisha mwanamke mpima maji kwa kijiko cha jamu ya cheri na glasi ya maji ya kisima chake. Mnunuzi wa nyumba yake alingoja cheti cha maji tu. Mpima yule akala jamu, maji hakuyagusa. Alishusha mrija kisimani huku akihesabu mita kwa kunong'ona, kama anayembembeleza mtu aliyelala chini. Kila alipojaza chupa alinawa kwa maji aliyokuja nayo. Mita kumi, ishirini. Chupa ya mita thelathini aliinusa, akaacha kunong'ona.

"Andika maji ya juu tu, binti, tusisumbuane," alisema Vidosava.

"Pampu yako inavuta wapi, mama?"

"Huko chini. Ndiyo matamu."

"Matamu tangu lini?"

"Tangu kiwanda cha rangi kije. Mwaka wa tisa huu."

Mpima maji aliondoka na chupa zake tatu bila kuandika cheti. Vidosava alimpoteza mnunuzi, akabaki na miaka tisa aliyokwisha kuinywa.